Mtoto wa Ng'ambo Niliyemwandika Mzaliwa wa Kiuu

Ninyi mnaoingia kazini siku hizi mkakuta kompyuta imeshawashwa na kiti kinazunguka, karibuni. Mimi nilikuta kiti cha mbao chenye msumari, na ule msumari ulinipasulia sketi tatu kabla mtu hajaniambia upo. Nilikuwa karani wa usajili wa vizazi na vifo kwa karibu miaka thelathini, upande huu wa Thika na Ruiru, katika ofisi ambayo sitaitaja kwa sababu anayeijua anaijua. Sasa nimestaafu na kuku wangu, lakini nikienda sokoni bado kuna mtu atanishika mkono aniulize, "Mama Mumo, cheti cha mtoto siku hizi kinachukua siku ngapi?" Ninamwambia mimi siku hizi nauza mayai, naye ananifuata hadi kwenye nyanya akiuliza tena.

Nimeombwa niwaachie neno, na ningeweza kuwapa sifa zangu, maana ziko. Nimeona heri niwape kosa langu moja. Halikutokana na uvivu wala rushwa. Lilitokana na huruma, na ndiyo sababu nilikaa miaka sita bila kuliona.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Makokha, mtu wa magharibi, mwembamba, mwenye kofia ambayo hatukuwahi kuona kilicho chini yake. Zamani hizo tulikuwa na vitabu vikubwa vya kuandika kwa mkono, na ukikosea huwezi kufuta, unapiga mstari na kutia sahihi kando ili kila atakayekuja ajue ni wewe uliyekosea. Makokha alipenda sana utaratibu huo. Alisema mtu ambaye kosa lake linafutika hajifunzi chochote.

Alinifundisha hivi: mtu akija kuandikisha mtoto aliyezaliwa nyumbani, usimuulize mtoto alizaliwa wapi, kwa sababu jibu hilo amelitayarisha tangu jana. Muulize nani alikata kitovu. Aliyekuwapo atakujibu kabla hujamaliza swali, na atakuongezea ambayo hukuuliza: nani alichemsha maji, wembe ulitoka duka gani, nani alilia kumshinda mama mwenyewe. Asiyekuwapo atatazama juu. "Dari yetu imetazamwa sana," Makokha alikuwa akisema.

Nilimwona akimsaidia baba mmoja wa Theta ambaye hakukumbuka tarehe ya kuzaliwa kwa mwanawe, ila alikumbuka ni siku ambayo ng'ombe wa jirani alitumbukia kwenye shimo la choo. Sisi makarani wadogo tulicheka hadi tukajificha nyuma ya kabati. Makokha hakucheka. Alimtuma yule baba kwa jirani, na jirani alikuwa na tarehe kamili, kwa sababu daktari wa mifugo alikuwa amemwandikia karatasi. Mtoto akapata siku yake ya kuzaliwa kutokana na ng'ombe. Nilijifunza hapo kwamba ukweli huwa upo mahali fulani, unachotaka ni miguu ya kuufuata.

Basi siku moja, Makokha akiwa ameshastaafu, akaja Cucu Nyambura. Cucu ni bibi, kwa wasioelewa Kikuyu. Huyu alikuwa akiuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kando ya barabara kule Kiuu, na alikuwa na kipande cha msichana wa miaka sita aliyevaa viatu vya kukulia ndani. Shule ilikuwa imekataa kumwingiza mtoto kwenye orodha bila cheti. Nikachukua fomu. Mama wa mtoto ni nani? Ni mimi, akasema. Alizaliwa wapi? Nyumbani, Kiuu. Nikauliza swali la Makokha.

Cucu akatazama dari.

Ningetaka kuwaambia sikujua. Nilijua. Kitambulisho chake kilisema alikuwa na miaka hamsini na minane, na hesabu ndogo ningeweza. Tena kwenye kiondo chake, kati ya kanga na tochi, kulikuwa kumechomoza karatasi yenye maandishi ya Kiarabu. Wasichana wengi wa huku walikuwa wameshaenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni, na wengine walirudi na watoto. Nilielewa yote kwa mara moja. Mtoto alikuwa amezaliwa ng'ambo, mama yake alikuwa ameshikika huko tena, na huyu bibi alikuwa amebaki na mzigo.

Nikawaza safari inayomngoja akisema kweli. Karatasi itafsiriwe na mtu anayetambulika, ubalozi uithibitishe, mama alete pasipoti na kitambulisho, faili iende Nairobi ikae. Nikatazama magoti yake yaliyofungwa bendeji chini ya leso. Nikatazama viatu vya mtoto. Nikamwonea huruma, nikasema sentensi ambayo nimeijutia kuliko yoyote niliyowahi kuisema kazini.

"Labda ni jirani alikata, cucu?"

Macho yalishuka kutoka darini. Ndiyo, akasema, ni jirani. Jirani gani? Mama Kamau. Kiuu hakuna ploti isiyo na Mama Kamau. Nikaandika. Mzaliwa wa Kiuu, jina Nyambura, mama ni yuleyule bibi. Hakunipa hata soda, wala sikutaka. Juma lililofuata aliniletea githeri kwenye mkebe wa mafuta ya kimbo, yenye viazi na karoti, nikaila yote nikijisemea kwamba huu ndio utumishi.

Ngoja niwaeleze jambo la kazi hapa, kwa sababu litawafaa, na pia linapunguza aibu yangu kidogo. Mtoto wa Mkenya ni Mkenya hata azaliwe mwezini. Watu hawajui hilo. Wanakuja wanatetemeka, wanadhani wakisema ng'ambo mtoto atarudishwa huko, au ataitwa mgeni. Waambieni hilo kabla hamjawauliza chochote. Kisha waambieni waitunze karatasi ya hospitali, na wasiifunike kwa plastiki. Huku kwetu mtu akipenda karatasi anaipeleka kwa saiba, duka la kompyuta, ikafunikwe plastiki ya moto, nayo ikishafunikwa muhuri hauwezi kugonga, na hakuna ubalozi utakaoitazama. Nimeona karatasi za thamani zikiwa zimeng'aa vizuri kabisa na hazina kazi tena.

Miaka sita ikapita. Vitabu vikubwa vikapelekwa stoo, kompyuta zikaja, na mimi nikajifunza kuchapa kwa vidole viwili, na ni viwili hivyo hivyo hadi leo. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano kustaafu. Asubuhi moja, mwanamke wa umri wa thelathini na kitu akasimama dirishani kwangu. Alikuwa amevaa vizuri, amefunga kitambaa kichwani, na hakuuliza kama wengine. Aliuliza kwa sauti ya chini:

"Madam, nikitaka kuwa mama wa mtoto wangu, naanzia wapi?"

Nikamwambia aingie ndani akae. Jina lake Muthoni, binti ya Cucu Nyambura. Alikuwa amerudi kabisa, na sasa alikuwa mpishi wa familia moja kule Membley. Akaweka cheti mezani. Nilitambua mwandiko wangu kabla sijavaa miwani.

Akaniambia yote bila haraka. Alijifungua kwenye chumba cha wafanyakazi katika nyumba ya mwajiri, akisaidiwa na Mwethiopia aliyekuwa akifanya naye kazi, jina lake Selam. Selam ndiye aliyekata kitovu, kwa mkasi uliochemshwa kwenye birika la chai, kisha akawasumbua wenye nyumba hadi wakampeleka Muthoni hospitali. Hospitali ikaandika karatasi. Jina la mtoto, Selam. Ubalozi wetu ukampa mtoto karatasi ya kusafiria, Muthoni akaja naye nyumbani akiwa wa miezi saba. Alikaa miezi mitatu, akarudi kazini kwa sababu nyumbani walikuwa wakimtegemea, na mtoto akabaki Kiuu.

Sasa mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwake Mum alikuwa bibi yake, na Muthoni alikuwa Muthoni tu. Hilo Muthoni alisema angelivumilia, litarekebishika polepole. Lakini mwezi uliotangulia mtoto alianguka shuleni akavunjika mkono. Muthoni akakimbia kutoka Membley na aproni yake, akafika, mwalimu akafungua faili na kumwambia kwa upole kwamba yeye ni dada, asubiri mzazi. Akakaa kwenye benchi nje, anamsikia mwanawe analia ndani, hadi bibi alipofika kwa boda.

"Nilikaa kwa hiyo bench nikajiuliza, kwani mimi nilizaa nini?" akasema.

Na muhula huo shule ilikuwa ikisajili Gredi ya Sita kwa mtihani wa kitaifa. Kitakachoandikwa hapo kingemfuata mtoto kokote. Muthoni alitaka aandikwe yeye, kabla dirisha la usajili halijafungwa. Akatoa karatasi ya hospitali kwenye bahasha. Ilikuwa imefunikwa plastiki, inang'aa. Cucu alikuwa ameipeleka kwa saiba akiwa na nia njema, isiharibiwe na panya.

Sikumwambia siku hiyo kwamba ni mimi. Nilimwambia kosa lilitokea. Sentensi hiyo mtaisikia sana ofisini, kosa lilitokea, kana kwamba kosa lina miguu. Baada yake nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Nilipomwita Cucu aje, nilidhani nitasikia habari za umaskini au za kuogopa aibu. Alinishangaza. Kwao msichana asiyeolewa akizaa binti, yule binti hupewa jina la mama wa msichana. Ni haki ya bibi, ndivyo bibi anavyozaliwa tena. Na karatasi ya Uarabuni ilikuwa na jina la mtu asiyemjua.

"Ningeleta hiyo karatasi, mngeandika Selam," akasema. "Na mimi ningeenda wapi? Huyo mtoto ni mimi."

Nikamwambia, cucu, ungeniuliza tu. Tungeandika Selam Nyambura. Jina la pili linaongezwa, ni kitu cha fomu moja.

"Wewe hukuniuliza," akasema. "Ulinipa jibu."

Nimeyabeba maneno hayo hadi kwenye banda la kuku. Ilikuwa kweli tupu. Magoti yake niliyaona, viatu vya mtoto niliviona, umaskini wake nikaukadiria mwenyewe, na kumbe alichokuwa akikilinda ni jina. Huruma yangu ilikuwa imemaliza maswali yote. Vijana, mtu akitazama dari, ngojeni. Msimpe jibu. Kimya ni kigumu, hasa foleni ikiwa imefika mlangoni, lakini ngojeni.

Nikaenda kwa bosi. Alikuwa kijana mwenye adabu, na alinionea huruma vilevile, ugonjwa huu unaambukiza. Aliniambia nifungue faili mpya ya mtoto Selam, mzaliwa wa ng'ambo, na ile ya Kiuu tuiache ilale, hakuna atakayeiamsha. "Mum, umebakiza miezi mitano," akasema. "System haitajua."

Kishawishi kilikuwa kitamu. Lakini nilikuwa nimewahi kumwona kijana mmoja wa miaka kumi na minane aliyekwenda kutafuta kitambulisho, wakamkuta amezaliwa mara mbili, katika wilaya mbili. Alihangaika miaka, hana kazi, hana akaunti, kila ofisi inamwambia aende alete yule mwingine. Nikamwambia bosi kwamba mtoto huyu ameshapata kosa moja kutoka kwangu, simwongezi la pili.

Ili cheti cha Kiuu kifutwe, ilibidi iandikwe kiliingiaje. Nikaandika maelezo yangu kwa mkono, ukurasa mmoja. Kwamba niliona karatasi ya Kiarabu na sikuiulizia. Kwamba mwombaji alishindwa kujibu swali nami nikamjibia. Nikatia sahihi. Niliogopa, nisiwadanganye. Nilifikiria pensheni yangu, nilifikiria watu wa kanisani, nilifikiria Makokha na mistari yake. Nilipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu ya kazi. Ninayo, iko pamoja na cheti cha utumishi bora, na nikiulizwa nawaonyesha vyote viwili.

Cucu naye alitakiwa kuapa mbele ya wakili kwamba si yeye aliyemzaa mtoto. Tulikwenda watatu, hapo mjini Thika, ghorofani, na ngazi zile zilimtesa. Wakili alimsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, si kwa wakili bali kwangu:

"Niape mimi si mama yake. Na hiyo miaka yote nilikuwa nikimlea nikiwa nani?"

Muthoni alitazama sakafu. Mimi nikasema la kazi. Nikamwambia karatasi hii haisemi nani alimlea mtoto, haina sehemu hiyo, na ningekuwa na uwezo ningeiweka. Akafikiri. Akaomba kalamu, akatia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

Ilibaki karatasi ya hospitali. Ubalozi uliikataa ile ya plastiki kama nilivyojua, ikabidi nakala mpya iombwe hukohuko. Juma la kwanza hakuna jibu, la pili hakuna. Muthoni alikuwa akinipigia simu kila siku wakati wa chakula cha mchana, na nilianza kuogopa simu yangu mwenyewe. Tarehe ya shule ilikuwa inasogea. Mwishowe alimpigia Selam, ambaye alikuwa bado anafanya kazi kulekule. Selam alitumia siku zake mbili za kupumzika kukaa kwenye benchi la hospitali, akiwa na namba ya faili kwenye simu, hadi karani wa huko akachoka naye na kuitafuta. Sijawahi kumwona mwanamke huyo. Nikikutana naye nitamchinjia jogoo.

Nakala ikaja, ikatafsiriwa, ikagongwa muhuri, faili ikapanda Nairobi. Mimi mwenyewe nilikwenda kuifuata mara tatu, nikasimama foleni kama mwananchi, na niwaambie kweli, foleni ukiwa upande ule ni ndefu zaidi. Cheti kilitoka dirisha la shule likiwa limebakiza siku nne.

Walikuja wote watatu kukichukua. Mtoto alikuwa na sare, mkono bado uko kwenye plasta iliyoandikwa majina ya wenzake wote. Alitaka kukisoma mwenyewe, akakisoma kwa sauti kama anasoma ubaoni: Selam Nyambura. Mahali pa kuzaliwa, akajikwaa kwenye jina la mji ule, akalirudia. Jina la mama. Hapo akainua macho akamtazama Muthoni, akarudi kwenye karatasi akamaliza mstari.

Nikafungua daftari la kuchukulia vyeti. Unaandika jina lako, kitambulisho, uhusiano wako na mtoto, unatia sahihi. Kwa miaka yote hiyo kila kitu cha mtoto huyu, shuleni, kliniki, kanisani, kilikuwa kikitiwa sahihi na Cucu. Basi nilipogeuza daftari, ni Cucu aliyeinuka. Aliinuka bila kufikiri, akachukua kalamu, akainama, akaanza kutafuta mstari kwa kidole.

Halafu kidole kikasimama.

Muthoni alikuwa nyuma yake, mikono imeshika mkoba, na sidhani angemwambia mama yake atoke pale. Angemwacha aandike. Nami nilifungua mdomo nisaidie, kisha nikakumbuka, nikaufunga, nikangoja.

Cucu akanyooka taratibu kwa sababu ya magoti. Akageuka, akauchukua mkono wa binti yake, akaiweka kalamu ndani yake na kuvikunja vidole juu yake.

"Andika, mwana wakwa," akasema. "Mimi nilikuwa nimekushikia tu."

Muthoni akaandika. Ikamchukua muda, na foleni ilikuwa imefika mlangoni.